Kaş hadi Kekova kwa guleti mwezi wa Oktoba

Swali: "Mimi na mke wangu tunatimiza miaka 25 ya ndoa Oktoba ijayo. Tunaishi Tanga. Watoto wametulipia siku kumi Uturuki, na tungependa sehemu ya siku hizo tulale baharini kwenye zile jahazi zao za mbao ziitwazo guleti, pwani ya miji ya kale kati ya Fethiye na Antalya. Wakala ametupangia wiki nzima, Fethiye mpaka Olympos, chumba kimoja kwenye mashua ya watu wengi. Mke wangu hulewa na bahari hata kwenye boti ya Pemba. Anavaa hijabu na hatakuwa na raha akikaa kutwa na watu wa nguo za kuogelea. Mimi ninachofuata ni historia. Je, Oktoba si baridi? Bahari inakuwaje? Na tukitaka kuvuka kwenda kile kisiwa cha Ugiriki kilicho karibu?"

Jibu: Kaka yangu, hongereni wewe na shemeji, Mungu awazidishie miaka mingine mingi. Pwani mmeichagua vizuri na mwezi mmeuchagua vizuri zaidi. Lakini msiichukue hiyo safari ya Fethiye hadi Olympos. Itamtesa shemeji bure, na wewe mwenyewe itakupitisha mbele ya miji mikubwa ya Lisia, nchi ya kale ya pwani hiyo, bila kuiona. Laleni baharini usiku nne tu, kati ya Kaş na Kekova, kwenye mashua yenu wenyewe, na miji mingine muifuate kwa gari.

Nianze na upepo, maana ndio unaopanga mambo yote huko. Wakati wa joto pwani ile inapigwa na upepo wa kaskazini-magharibi ambao Waturuki wanauita meltem. Julai na Agosti ndipo unapokuwa mkali, unaamka mchana na kuvuma hadi jua linapozama. Unatokana na mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya nchi za Balkani na mgandamizo mdogo unaotanda kuanzia Anatolia hadi Bara Hindi. Wewe ni mtu wa Tanga, kwa hiyo jambo hili lina mkono kwenu pia: mgandamizo mdogo huo huo wa Bara Hindi ndio unaovuta kusi kupita mbele ya mlango wenu miezi hiyo hiyo. Asia ikianza kupoa, kusi linakufa kwenu na meltem unakufa kwao. Mkiingia matlai Tanga, maji ya Kaş nayo yanalala.

Asubuhi za Oktoba bahari ya pale huwa shwari kabisa. Baada ya adhuhuri unakuja upepo wa wastani, na jua likizama unakatika. Mchana joto hufika nyuzi 25 hadi 27, na bahari yenyewe bado ina nyuzi 24 hivi, kwa sababu imekuwa ikipokea jua tangu Mei na maji hayapoi haraka kama nchi kavu. Usiku ndio utakaowashtua, maana joto hushuka hadi nyuzi 16 na umande unalowesha sitaha nzima. Mkishawahi kulala Lushoto, beba nguo zile zile mlizovaa kule. Saa yao ni yetu, hamtabadilisha chochote: katikati ya Oktoba jua linachomoza saa moja na dakika chache na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo hata vipindi vya swala havitawachanganya sana.

Upepo wa kuuogopa majira hayo ni mwingine. Unaitwa lodos, unatoka kusini, na unakuja na mvua na mawimbi marefu yanayoingia moja kwa moja kwenye ghuba zilizo wazi upande huo. Mwanzoni mwa Oktoba hutokea mara moja moja, kisha kadiri Novemba inavyokaribia unazidi. Ndiyo maana nawashauri tarehe za baharini ziwe kati ya tano na ishirini Oktoba. Mwisho wa mwezi mashua nyingi zinapandishwa nchi kavu kwa matengenezo ya kipupwe, na tarehe 29 ni sikukuu yao ya Jamhuri, iliyotangazwa mwaka 1923, siku ambazo Waturuki wenyewe hujaa pwani.

Sasa sababu ya kuikataa njia ya wakala. Mashua zinazotoka Fethiye zikishaipita Ölüdeniz na kisiwa cha Gemiler zinakutana na kipande kinachoitwa Yedi Burun, yaani rasi saba. Ni kuta za mwamba zinazoshuka baharini, hakuna hori la kujificha, na zikiisha unafuata mchanga mrefu wa Patara ambao nao hauna kinga yoyote. Manahodha wanaokijua kipande hiki wanang'oa nanga alfajiri ili wakivuke kabla upepo haujaamka, na hata hivyo ni saa nne au zaidi za kuyumba, kwa sababu mawimbi ya mbali yanabaki hata siku isiyo na upepo. Mwenye tumbo gumu hatalalamika. Shemeji, ambaye anateseka mkondo wa Pemba, atamaliza kipande hicho akiwa amelala chini kebini, na siku mbili zinazofuata atakuwa hana hamu ya chochote. Sioni haja ya kumlipia mateso hayo kwenye sherehe ya ndoa yake.

Sababu ya pili inakuhusu wewe. Miji mikubwa ya Lisia ilikuwa miji ya bandari, na bandari zake zimekufa. Mto Eşen ulileta tope, mawimbi yakasukuma mchanga, na mlango wa bandari ya Patara ukaziba mpaka ikawa kinamasi. Ukipita leo kwa mashua unaona mchanga mtupu. Huwezi kujua kwamba nyuma yake kuna ukumbi wa baraza ambamo wajumbe wa Umoja wa Lisia walikaa, wala kwamba kuna mabaki ya mnara wa taa uliojengwa mwaka 64 baada ya Kristo, enzi za Kaizari Nero wa Roma, ambao mwaka 2004 wachimbaji waliukuta umefukiwa na mchanga. Mnara uliokuwa ukiongoza meli sasa uko nchi kavu. Xanthos uko ndani zaidi kando ya mto, na Myra uko kilomita kadhaa kutoka ufukweni. Hii yote ni kazi ya gari.

Kwa hiyo njooni hivi. Kutoka Istanbul msishukie Antalya, shukieni Dalaman, maana ni karibu na Kaş kuliko Antalya na njia inawapitisha mnakotaka. Kodini gari lenye dereva kwa siku mbili. Laleni Fethiye usiku wa kwanza. Juu ya mji mtaona makaburi yaliyochongwa kwenye ukuta wa jabali, kubwa kuliko yote likiwa la Amyntas, la karne ya nne kabla ya Kristo, lenye nguzo na paa kama hekalu zima. Jumba la makumbusho la Fethiye ni dogo lakini msiliruke: lina jiwe lililotoka Letoon, mahali patakatifu pa Walisia, lenye maandishi ya lugha tatu, Kilisia, Kigiriki na Kiaramu, na ni jiwe hilo lililowasaidia sana wasomi kukielewa Kilisia.

Siku ya pili ni ya Xanthos, Letoon na Patara, na zote ziko karibu karibu. Xanthos na Letoon ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1988. Habari ya Xanthos ni nzito, na ni vizuri uijue kabla hujapanda pale juu. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodoto anaandika kwamba jeshi la Waajemi chini ya Harpagus lilipowazingira, karibu mwaka 540 kabla ya Kristo, watu wa mji waliwakusanya wake zao, watoto, mali na watumwa ndani ya ngome, wakaitia moto, kisha wanaume wakatoka kupigana hadi wa mwisho. Wakaokoka watu wa familia 80 tu, ambao siku hiyo hawakuwapo mjini. Karne tano baadaye, mwaka 42 kabla ya Kristo, jeshi la Mroma Brutus liliposhambulia, mji ukajiteketeza tena. Mapambo mengi ya mawe mtakayoyakosa pale yako London: Mwingereza Charles Fellows alifika mwaka 1838, na baadaye kaburi lililo zuri kuliko yote, la Wanereidi (mabinti wa bahari wa hadithi za Kigiriki), likahamishiwa British Museum. Mimi nikisimama mbele ya kitako kitupu kilichobaki Xanthos huwa naona uchungu, na sidhani wewe utapita pale bila kuhisi kitu.

Letoon hapahitaji muda mrefu. Patara mtembee polepole. Kaeni kwenye ngazi za ule ukumbi wa baraza. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa kale, anaeleza kwamba miji 23 ilikuwa na haki ya kupiga kura katika umoja huo, mikubwa ikiwa na kura tatu, ya kati mbili na midogo moja, na kodi zililipwa kwa kiwango hicho hicho. Mwanafalsafa Mfaransa Montesquieu aliusifu kuwa mfano bora wa jamhuri ya shirikisho, na waliotetea katiba ya Marekani mwishoni mwa karne ya 18 wakautaja. Sisi tunaoishi katika nchi iliyozaliwa kwa muungano tunayo mengi ya kuzungumza tukiwa tumekaa pale. Laleni Kalkan, kesho yake mfike Kaş mapema.

Mashua sasa. Guleti ni jahazi la milingoti miwili, la mbao, lenye tezi (sehemu ya nyuma) pana ya duara, linaloundwa Bodrum, Bozburun na Marmaris. Lazima ujue tangu mapema kwamba guleti nyingi zinatembea kwa injini. Tanga linapandishwa upepo ukiwa mzuri na wageni wakiomba, kwa saa moja au mbili. Kama roho yako iko kwenye kusafiri kwa tanga hasa, kuna yati za mita 12 hivi zinazokodishwa pamoja na nahodha, na hizo zinakwenda joshi kwelikweli, zikiukata upepo. Lakini zinalala ubavu, na shemeji hatakaa humo. Chukueni guleti ndogo ya kebini mbili au tatu, mkodi yote. Bei kwa siku itakuwa juu kuliko kebini ya kushiriki, ndio, ila mnapunguza usiku kutoka saba hadi nne, na Oktoba bei zenyewe zimeshashuka.

Mkiwa peke yenu, suala la hijabu linakwisha. Kwenye mashua ya kebini nane shemeji angekuwa na watu kumi na wanne wengine waliojilaza juani kutwa, na jioni pombe mezani. Kwenye mashua yenu watakuwapo nahodha, mpishi na baharia mmoja. Mwambieni wakala mapema, kwa maandishi, kwamba ni familia ya Kiislamu, mezani pombe isiwepo, na kwamba bibi atapenda kuogelea asubuhi kabla ya mashua nyingine kuamka. Si ombi geni. Wanawake wa Kituruki wengi wanaogelea na vazi la kufunika mwili mzima, na mabaharia wanajua kwenda zao omo, mbele ya mashua, na kugeuza migongo. Nyama ya nguruwe ni nadra kuiona katika mapishi ya mashua hizi. Mtakula bilinganya za kila namna kwa mafuta ya zeituni, mtindi, nyanya, mkate, na samaki, maana msimu wa nyavu kubwa hufungwa katikati ya Aprili na kufunguliwa tarehe mosi Septemba, hivyo Oktoba samaki wapo. Makomamanga nayo yanaiva wakati huo.

Kuhusu ulevi wa bahari, dawa za kuzuia zinasaidia ikiwa zimemezwa kabla ya safari. Kutapika kukishaanza, kidonge hakikai tumboni. Shemeji aulize duka la dawa Tanga kabla ya kuondoka, hasa kama anatumia dawa za presha, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivyo vinaleta usingizi mzito. Siku ya kusafiri ale kidogo, mkate na chai ya tangawizi, akae katikati ya mashua karibu na mlingoti mkubwa ambapo kuyumba ni kidogo, atazame upeo wa macho na simu aiweke kando. Akae mbali na tezi pale upepo unapotoka nyuma, kwa kuwa moshi wa injini unamaliza hata mabaharia. Na muombe kebini ya katikati, ya omo hupanda na kushuka sana.

Kutoka Kaş mng'oe nanga saa moja asubuhi. Mbele ya mji kuna kisiwa cha Meis, kile cha Ugiriki ulichokiuliza, na mashua ikielekea kusini-mashariki, muda si mrefu mtaikaribia rasi moja kavu isiyo na kitu, miamba ya kijivu tu na vichaka. Hiyo ndiyo Uluburun. Mwombe nahodha apunguze mwendo hapo.

Mwaka 1982 mzamiaji wa sifongo aitwaye Mehmet Çakır alisema ameona chini biskuti za chuma zenye masikio. Wanaakiolojia waliposikia walielewa mara moja: vile vilikuwa vipande vya shaba vilivyomiminwa vikiwa na pembe nne zilizochomoza, namna shaba ilivyosafirishwa zama za kale. George Bass na Cemal Pulak wakaongoza uchimbaji wa chini ya maji kuanzia 1984 hadi 1994, zaidi ya mbizi 22,000, katika kina cha mita 44 hadi 60. Meli ile ilizama mwishoni mwa karne ya 14 kabla ya Kristo. Ilibeba tani kumi za shaba na tani moja ya bati, kipimo kinachofaa kufanya shaba nyeusi ya silaha na vyombo. Ilibeba vipande vya kioo cha buluu, pembe za ndovu, meno ya kiboko, maganda ya mayai ya mbuni, na muhuri mdogo wa dhahabu wenye jina la malkia Nefertiti wa Misri.

Na ilibeba magogo ya mti mweusi. Wataalamu wa mbao waliyachunguza wakakuta ni Dalbergia melanoxylon. Ni mpingo, kaka. Mti ule ule unaochongwa vinyago na Wamakonde, mti wa taifa letu. Usielewe kwamba ulitoka Kilwa, maana mpingo unaota mbali hadi Sudan na Ethiopia, na njia inayoeleweka ni kwamba magogo yalishuka kutoka kusini mwa Misri hadi bandari za Mediterania. Lakini miaka 3,300 iliyopita, mti wa bara letu ulikuwa bidhaa ya wafalme, ukapita chini ya rasi hiyo mtakayoipita, na ukalala kwenye mwamba wake. Mimi naona hilo peke yake linatosha kumtoa mtu Tanga. Vitu vyenyewe vimehifadhiwa ngome ya Bodrum, mbali na njia yenu, na wala usiviendee safari hii. Pale Uluburun mtaona maji ya buluu nzito tu na jabali, na inatosha ukijua kilichokuwa chini.

Kipande hicho cha Kaş hadi Kekova ndicho pekee chenye bahari ya wazi, saa mbili hadi tatu. Mkishaingia ndani ya Kekova, kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita saba kinalala sambamba na pwani na kuvunja mawimbi yote ya kusini. Ndani yake maji ni ya bwawa. Hapo shemeji atakunywa chai yake akiwa amesimama, na mtabaki hapo usiku zote nne, mkihama ghuba hadi ghuba kwa mwendo wa saa moja.

Upande wa kaskazini wa kisiwa ndiko kuliko mji uliozama. Matetemeko ya ardhi, hasa ya karne ya pili baada ya Kristo, yalishusha ufuko, na nyumba zilizokuwa ukingoni zikaingia majini. Mashua inapita taratibu kabisa, na kutoka ubavuni utaona ngazi zilizochongwa kwenye mwamba zikishuka, daraja moja moja, mpaka zinaingia chini ya maji na kuendelea kushuka humo. Kuna kuta za vyumba, misingi, vipande vya mitungi. Nendeni kati ya saa nne na saa sita asubuhi, jua likiwa juu na maji hayajachafuka. Eneo lote limehifadhiwa kisheria tangu 1990, na juu ya magofu kuogelea, kuzamia na kutia nanga ni marufuku. Akitokea wa kuwaambia kwamba kwa fedha kidogo anaweza kufumba macho, mkataeni. Mawe yale yamebaki miaka yote hiyo kwa sababu watu hawayagusi.

Mkabala na kisiwa kuna Kaleköy, Simena ya kale, kijiji kisicho na barabara ya gari. Watu wanafika kwa mashua au kwa miguu. Juu kuna ngome ya zama za kati, na ndani ya ngome ukumbi wa michezo mdogo kuliko yote ya Lisia, safu saba za viti zilizochongwa kwenye jabali moja, za watu mia tatu hivi. Pandeni saa kumi alasiri, jua likiwa limepungua makali. Halafu mshuke, mkodi kidau mwende polepole kwenye kaburi lililosimama majini, lile mnaloliona kwenye picha zote. Msitosheke na picha. Likaribieni. Kifuniko chake kina mgongo uliochongoka, mfano wa mtumbwi uliopinduliwa. Ubavuni kuna vichwa vya boriti vimejitokeza, na vyote ni jiwe: mafundi wa Kilisia walikuwa wakijenga nyumba zao kwa mbao, na walipowachongea wafu wao makazi ya kudumu waliiga kwenye jiwe kila kiungo cha seremala, kila boriti, kila mwisho wa mbao. Nyumba zenyewe zimeoza zamani. Leo tunazijua kutokana na makaburi. Mkitazama mstari wa maji kwenye jiwe, mtaona chumvi na mwani vimepanda kiasi gani, na mtaelewa ardhi ilivyoshuka.

Siku moja muiweke ya Aperlai. Mashua inatia nanga ghuba ya Polemos, mnavuka kwa miguu shingo nyembamba ya nchi, nusu saa hivi ya njia ya mawe, na mnatokea upande wa pili kwenye magofu ya mji uliotajirika kwa konokono. Walikuwa wakiwavua konokono wa bahari na kuwatoa rangi ya zambarau, ile iliyovaliwa na wakubwa wa Roma. Maganda yao yaliyovunjwa bado yamerundikana, na gati la kale liko chini ya maji ya kina cha kiuno. Hakuna tiketi, hakuna kibanda cha soda, kwa hiyo bebeni maji na viatu vinavyoshika, maana mwamba wa pale ni mkali. Kama shemeji hatapenda kutembea, abaki Polemos aogelee, ghuba ni tulivu.

Usiku wa mwisho laleni Gökkaya, upande wa mashariki, ghuba yenye visiwa vidogo vingi. Asubuhi mashua iwateremshe Andriake, bandari ya zamani ya Myra. Pale pana bohari la nafaka la Kaizari Hadriani wa Roma, vyumba vinane, lililojengwa karibu mwaka 129, na sasa ni makumbusho ya Lisia. Nafaka ya Misri ilikuwa ikipita hapa kwenda Roma. Ndiyo maana katika Matendo ya Mitume Paulo, akiwa mfungwa, anabadilishiwa meli Myra na kupandishwa meli ya Iskanderia iendayo Italia. Myra yenyewe ina makaburi ya jabalini na ukumbi mkubwa wa michezo, na mjini Demre kuna kanisa la Mtakatifu Nikola, askofu wa karne ya nne, ambaye mifupa yake mabaharia wa Italia waliichukua hadi Bari mwaka 1087. Halafu gari, Antalya.

Antalya msiifanye mahali pa kulala tu. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuziandika, alifika na hapa pia katika miaka hiyo ya 1330. Anasimulia jinsi mtu mmoja mwenye nguo chakavu alivyomkaribisha chakula, akadhani ni maskini asiyeweza kulisha wageni, kumbe ni fundi viatu aliyekuwa kiongozi wa udugu wa vijana mafundi, waliokuwa wakichanga mapato yao ya mchana ili jioni wawakirimu wasafiri. Alisifu pia aprikoti za mji huo, zenye kokwa tamu. Ukitembea Kaleiçi, ukipita lango la Hadriani na mnara mwekundu wa Yivli, unatembea mji alioutembea yeye baada ya kuswali Kilwa.

Kuhusu Meis, ambao Wagiriki wanauita Kastellorizo: ni karibu sana, feri kutoka Kaş ni chini ya nusu saa. Lakini ni Ugiriki, na pasipoti yenu itahitaji viza ya Schengen, halafu mkirudi mtakuwa mnaingia Uturuki mara ya pili. Kama viza yenu ya Uturuki ni ya kuingia mara moja, mtabaki upande wa pili wa maji mkiitazama mashua yenu. Masharti ya viza kwa pasipoti ya Tanzania yasomeni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki, si kwa wakala. Kwa safari hii ningekiacha kisiwa hicho.

Kabla hamjatoa arubuni, takeni mambo haya kwa maandishi: jina la mashua na picha zake za mwaka huu, namba ya usajili wa wakala katika TÜRSAB, ambacho ndicho chama cha mawakala wa safari wa Uturuki na kila wakala halali lazima awe humo, chakula na maji vimo au vinalipiwa kando, na saa za injini kwa siku. Mikataba mingi inaweka kikomo, mara nyingi saa nne, na ikizidi mnalipia mafuta. Kwa njia niliyowapangia hamtafika saa nne hata siku moja isipokuwa mnahangaika. Andikeni pia kwamba uamuzi wa kutoka au kutotoka ni wa nahodha. Lodos likivuma asubuhi ya kutoka Kaş, msimbembeleze: mwombeni mashua iende yenyewe na ninyi mpande gari hadi Üçağız, kijiji cha ndani ya Kekova chenye barabara, mkutane nayo pale siku hiyo hiyo au kesho yake. Ndiyo maana katika siku kumi ningeweka mbili Antalya na si mbili Istanbul, ili moja iweze kuliwa na upepo bila kuwakosesha ndege ya kurudi.